Goliati Mwenye Pua ya Kipese

Kazi yangu ni kutengeneza vitu vikubwa vyenye uwazi ndani, na katika mji mzima wa Butembo hakuna anayeniweza. Nasema hivyo bila aibu. Birika lile kubwa kuliko pipa, linaloning'inia juu ya mlango wa mkahawa ukiingia Vulamba, ni langu. Upepo ukivuma linayumba, lakini halijamwangukia mtu. Kiatu cha fundi viatu wa Mususa, kile ambacho watoto hujificha ndani yake mvua ikinyesha, ni changu. Watu hudhani vitu vile ni vizito. Mimi huwaacha wadhani, kisha huvinyanyua kwa mkono mmoja mbele yao.

Kwa hiyo mwalimu Aristote alipokuja kuniuliza kama naweza kumtengenezea Goliati, sikujisumbua kumjibu kwamba naweza. Nilimuuliza anamtaka wa urefu gani.

Aristote si mtu wa kwetu. Serikali ilimleta kutoka Kwilu kuja kufundisha, mrefu kama mkaratusi, na Kiswahili chake kimechanganyika na Kilingala kama maharagwe yasiyochambuliwa mawe. Alikuwa ametunga mchezo wa Daudi na Goliati kwa ajili ya wanafunzi wake, wauoneshe Beni kwenye sikukuu ya shule za parokia. Yeye mwenyewe ndiye angeingia ndani ya jitu. Daudi angekuwa Shekinah, binti yangu, maana hakuna mvulana darasani anayerusha kombeo kama yeye. Alijifunza kwa babu yake kule Kipese, akifukuza ndege kwenye ngano.

"Mama Shekinah," Aristote aliniambia, "nataka Goliati ya kutisha. Batoto ba Beni bakimuona, bakimbie."

"Batakimbia mpaka Kasindi," nikamjibu.

Kitu chenye uwazi hakianzi na uwazi. Kinaanza na udongo, tena udongo mwingi. Kwanza nilisimamisha mifupa ya mianzi, nikaijaza udongo wa bondeni kuanzia kifua hadi utosi, mpaka Goliati akasimama mzima, mnene, mwenye unyevu. Kisha nikachomeka vipande vya bati kuanzia paji la uso, vikashuka katikati ya pua, midomo na kidevu, na nyuma vilevile, ili kutenganisha upande wa kulia na wa kushoto. Juu yake nikapaka plasta niliyoichanganya na nyuzi za katani. Plasta ikikauka, unafungua pande mbili kama unavyofungua ganda la haragwe. Udongo unavunjika, na unabaki na kalibu: maganda mawili ambamo uso umezama, pua ni shimo na shavu ni beseni. Humo ndimo unapaka sabuni, halafu unabandika karatasi za mifuko ya simenti kwa gundi ya muhogo, tabaka juu ya tabaka, mwishoni vitambaa. Ikikauka unaitoa, unaunganisha pande mbili, na jitu lako ni jepesi kama kikapu.

Sasa, banda langu ni jembamba. Upande mmoja kuna ukuta, upande wa pili kuna magunia ya viazi ambavyo mume wangu Lusenge huviuza. Goliati alisimama katikati, na nafasi ya kumtazama ilikuwa mbele yake tu. Mbele nikamwekea hasira yote ninayoijua: macho yaliyotoka nje, paji lililokunjamana, meno. Mashavu, masikio na pua kwa pembeni nilivitengeneza kwa viganja, mkono umepenya kati ya udongo na gunia, macho yangu yakiwa kwingine. Sikuhangaika. Mikono yangu inajua njia.

Asubuhi tuliyofungua kalibu, Lusenge alivuta upande mmoja, mimi nikavuta wa pili. Tukaulaza upande wa kushoto chini karibu na mlango, nikauosha kwa maji na kitambaa, nikarudi nyuma kuutazama. Kalibu ina ujanja wake. Mwanga ukiingia kutoka pembeni, shimo linageuka kilima. Lile beseni la plasta likainuka mbele ya macho yangu, likawa uso wa mtu anayetazama ukutani, pua yake ina kinundu katikati, mdomo wa chini umesukumwa mbele kama wa mtu anayekataa bei, kidevu kimegawanyika.

Alikuwa Tata Mathe, baba wa mume wangu.

Wasiojua watauliza, je, kuna ubaya gani? Ubaya ni bukwe. Katika ukoo wa mume wangu, mke wa mtoto na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukimbiana. Mimi simtazami Tata Mathe usoni. Simwiti jina. Tukikutana kwenye kijia cha shambani, mimi naingia majanini na yeye anakohoa akipita. Hasemi nami, husema na mtoto aliye karibu, "Ambia mama yako hivi," na pasipo na mtoto husema na mbwa: "Weye mbwa, kama mutu angenipatia maji ya kunywa!" Nami nayaleta maji, nayaweka chini, naondoka. Tangu niolewe sikuwahi kuuona uso wa mzee huyo kwa mbele. Kwa pembeni, hapo sasa nimeuona sana: akipita, akila, akisali. Mtu mwenye kazi kama yangu hawezi kuyakataza macho yasiibe.

Lusenge alikuja akasimama nyuma yangu, akaona, akashika mdomo.

"Emérence. Ule ni Tata."

"Minaona."

"Umeweka Tata mu Goliati!"

"Sikumuweka. Alijiweka mwenyewe."

"Kamata nyundo, vunja pua. Vunja sasa!"

Nyundo nilikuwa nayo mkononi. Lakini sijawahi kutengeneza kitu kama kile maishani mwangu. Ungedhani pua ile ingepiga chafya. Ule uso wa mbele, wenye meno na macho ya kutoka nje, ungeweza kuupata kwenye kitabu chochote cha katekisimu. Ila ule wa pembeni ulikuwa mtu. Nilifurahi, na furaha yangu ilikuwa kubwa kuliko hofu. Tena udongo ulikwisha vunjika, maji yakimwagika hayazoleki, na kwa mvua ile udongo mwingine usingewahi sikukuu.

"Tata hatokaka Kipese," nikamwambia Lusenge. "Na Beni ni mbali. Nani atamuambia?"

Nikachukua sabuni nikaanza kupaka.

Karatasi zilikuwa zimekwisha kukauka juu ya mbabula, jiko letu la makaa, na Goliati ameshaunganishwa, aliposimama Lusenge mlangoni na simu mkononi. Uso wake ulikuwa umepauka. Baba yake alikuwa amepiga simu. Amesikia kwamba mjukuu wake ndiye Daudi, na amesema anakuja Beni kumtazama, yeye na ndugu zake na shangazi Élise, lori la Fuso limeshatafutwa.

Lusenge akakaa juu ya gunia la viazi. Nami nikakaa.

Katika ukoo ule, mwanamke anayemwaibisha baba mkwe anarudishwa kwao. Wazee hukaa, huzungumza, wengine hurudi na wengine hawarudi. Mke wa Phinées, binamu wa Lusenge, alirudishwa kwa sababu alimcheka mkwe aliyeteleza kwenye matope, na mpaka leo yuko kwao Lubero. Watoto wake walibaki upande wa baba. Na yeye alicheka tu! Mimi nilikuwa nimemfanya mkwe wangu kuwa Mfilisti asiyetahiriwa, aje auawe kwa jiwe na mjukuu wake mwenyewe, mbele ya Beni nzima. Usiku ule nilimtazama Shekinah akiwa amelala na nikaogopa kweli.

Asubuhi nikamweleza Aristote. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mais, Mama Shekinah, ni karatasi! Kwetu Kwilu tunachekaka na bokilo, mukwe yako, hakuna shida."

"Kwenu ni kwenu. Hapa bukwe haichezewi."

"Donc umutie ndevu."

Nilimtia ndevu. Ndevu za katani, kutoka sikio hadi sikio, zikafunika kile kidevu chote. Nikamgeuza, nikamtazama kwa pembeni, na nikajuta. Mwaka aliofiwa na mkewe, Tata Mathe alifuga ndevu vilevile. Sasa hata mbuzi wa Kipese wangemtambua. Nikazing'oa. Nikampaka rangi nyekundu, nikampaka na nyeusi, lakini rangi haibadilishi pua.

Ndipo Lusenge akaja na msumeno. Mume wangu ni mtu mpole, hata viazi vilivyooza anavitupa kwa huruma, na kumuona ameshika msumeno namna ile nilijua hofu imemfika shingoni. Nikasimama mbele ya Goliati.

"Toka, Emérence. Nikate tu ile kinundu."

"Ukikata ile pua, ukate na yangu."

"Batakurudisha kwenu! Unasikia? Na miye nitasema nini mbele ya Tata?"

"Basi banirudishe. Lakini kazi yangu hapana kata."

Akauweka msumeno chini. Nilikuwa nimesema kwa sauti kubwa, kama kawaida yangu. Alipotoka, nikakaa juu ya magunia. Mtu ana kiburi chake na ana mtoto wake, na siku ile nilikuwa nimekiweka kiburi mbele.

Tulisafiri na Goliati amelala chali nyuma ya gari, chini ya turubai. Kwenye kizuizi kimoja askari aliifunua turubai kwa mtutu wa bunduki, akaruka nyuma, kisha akacheka na kuita wenzake. Aristote akamjibu kwa Kilingala kwamba abiria huyu anaitwa Goliati, anakwenda kufa Beni, hana kitambulisho. Wakatupitisha bila neno. Mimi sikucheka.

Beni kuna joto kuliko kwetu. Uwanja wa shule ulikuwa umejaa, jukwaa la mbao limezungushiwa vitenge, na mchezo ulipangwa mchana kweupe ili watu wawahi kurudi makwao. Nilisimama nyuma ya kitenge cha pembeni. Kwenye tundu la kitenge nikamuona Tata Mathe amekaa safu ya mbele, kofia kichwani, fimbo kati ya magoti, Lusenge upande huu na shangazi Élise upande ule. Nilimuona kwa pembeni, bila shaka.

Shekinah alikuwa hajamuona Goliati kwenye mwanga. Walifanya mazoezi bila Goliati, kwa sababu alikuwa bado anakaushwa, na nyumbani alikuwa amebanwa palepale kati ya ukuta na magunia. Hilo sikulifikiria hata kidogo.

Goliati akaingia. Ndani ya kichwa kile Aristote aliona kwa tundu dogo la mdomoni tu, kwa hiyo alitembea akifuata ukingo wa jukwaa, taratibu, asije akaanguka, na kwa kutembea hivyo aliwaonesha watu wote shavu lake la kushoto. Watoto wa Beni walipiga kelele za hofu na furaha. Wengine walikimbia kweli. Wakati wowote mwingine ningetoka nikainama nipigiwe makofi.

Safu ya watu wa Kipese ikanyosha shingo. Shangazi Élise akasema, "Yesu Maria!" akacheka mara moja tu, akajiziba mdomo kwa kitenge. Vichwa vikageuka kumtazama mzee, kisha vikageuka kunitafuta mimi. Mzee hakutikisika. Pua ya juu jukwaani na pua ya chini kwenye kiti zilitazama upande mmoja.

Ndipo akatoka Shekinah na kombeo lake, na ndani yake jiwe la vitambaa nililolishona mwenyewe. Alikuja mbio, akaimba maneno yake ya kwanza vizuri. Akainua macho kulitazama jitu. Akageuka akamtazama babu yake. Akarudi kulitazama jitu, na mkono wenye kombeo ukashuka.

"Kuya!" Aristote akanguruma mle ndani, haoni vizuri wala hasikii. "Kuya hapa, nipatie ndege nyama yako!"

Mtoto hakusogea.

"Kuya, nimesema! Nyama yako! Ndege!"

Wanafunzi wakaanza kucheka. Shekinah alisimama mbele ya watu wote hao, analia. Nilikuwa nimepiga hesabu ya hasira ya wazee, nimepiga hesabu ya safari ya kurudi kwetu, lakini sikumfikiria mtoto aliyeambiwa amuue babu yake. Hilo liliniuma kuliko yote. Nikakishika kitenge nitoke nimnyakue.

Tata Mathe akasimama. Aliinuka kwa fimbo yake, polepole, akavua kofia.

"Shekinah! Unangojea nini?"

"Sokulu," mtoto akamwambia babu yake, na uwanja mzima ukasikia, "ni weye!"

"Minaona kama ni miye! Miko na macho! Piga!"

"Hapana, Sokulu."

"Piga, mukazi yangu! Weye unakulaka nyama mu sahani yangu, unaniibiaka kofia, leo unaniogopa? Bote hapa habana ruhusa ya kunipiga. Ni weye tu!"

Kweli ilikuwa hivyo. Kati ya babu na mjukuu hakuna bukwe, kuna utani, hata babu humwita mjukuu mke wake, na mjukuu anaruhusiwa yale ambayo sisi wengine tungefukuzwa kwa kuyawaza. Shekinah akafuta macho kwa mkono. Akazungusha kombeo, mara ya kwanza, ya pili, likavuma, na jiwe likampiga Goliati katikati ya paji. Kichwa kikalia kama ngoma. Aristote akasubiri kidogo, akayumba, akaanguka kifudifudi kama tulivyomfundisha, na vumbi likaruka.

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa mzee. Alicheka mpaka akakohoa, akampiga Lusenge mgongoni, akacheka tena. Ndipo Kipese yote ikacheka, na Beni ikafuata bila kujua sababu.

Nilibaki nyuma ya kitenge. Kicheko cha uwanjani si hukumu ya nyumbani, nalijua hilo. Aristote alikuwa amekwisha kuvua kichwa na kwenda kutafuta maji, nami nilikuwa nakifuta vumbi, nilipoona mabuti yenye matope ya Kipese yamesimama mbele yangu. Nikainamisha uso. Hapakuwa na majani ya kukimbilia.

Shekinah alikuwa amemshika mkono. Mzee akakizunguka kile kichwa. Akakigonga kwa fimbo, akasikiliza. Akapitisha kidole juu ya pua ya Goliati, juu ya kinundu, akashuka hadi mdomoni. Kivuli chake pale chini kiliinua mkono na kugusa pua yake mwenyewe.

"Shekinah," akasema, "ambia mama yako..."

Akaishia hapo. Nilingoja. Shekinah akangoja pia, kichwa amekiinua.

"Enda kwa baba yako, akununulie sucré ya kunywa."

Mtoto akakimbia. Sasa hapakuwa na mtoto, wala hapakuwa na mbwa.

"Mama Shekinah."

Miaka yote ya ndoa yangu, sauti ile haikuwahi kunifikia bila kupitia kwa mwingine.

"Ndiyo, Tata."

"Ku pembeni, ni miye. Hata mama yangu angenijua. Uko na mikono, kweli." Akagonga fimbo chini. "Lakini ku mbele ulikosa. Ku mbele uliweka chura."

Hapo hasira yangu ya kazi ikanipanda, hata kabla ya aibu. Mtu ananikosoa, na ana haki!

"Ku mbele sikuonaka, Tata," nikayaambia mabuti.

Nje watoto walikuwa wanaimba wimbo wa Daudi, kila mmoja kwa sauti yake.

"Basi, angalia."

Nikabaki nimeinama.

"Angalia, ni miye nasema. Kazi hapana kubaki nusu."

Nikainua macho kidogo kidogo. Vifungo vya koti. Kidevu. Mdomo ule, ambao kwa mbele haukukataa bei ya mtu yeyote. Jicho moja lilikuwa dogo kuliko lenzake, na juu yake palikuwa na kovu ambalo sikuwahi kulijua, na uso wote ulikuwa na haya kama wa mvulana. Maana yeye aliyeniamuru nimtazame alikuwa ameangalia chini. Alikuwa anayatazama mabuti yake mwenyewe. Nikaelewa kitu ambacho ningepaswa kukielewa zamani, mimi ninayejigamba kwa macho yangu: miaka yote hiyo na yeye alikuwa akiona kilemba changu tu.

Kisha naye akainua macho. Akanitazama paji, mashavu, kidevu, bila haraka, kama mimi nilivyomtazama.

"Kumbe," akasema polepole, "ni weye."